Suke la Mwisho la Mama Mkwe

Shule niliishia darasa la nne, lakini walioleta njaa kwetu Issuna nawajua. Haikuwa mvua peke yake.

Mama mkwe wangu alitunza mbegu ya uwele juu ya jiko, moshi uipate, wadudu wasiiguse. Uwele ule ulikomaa hata mvua ikikatika mapema. Aligawia majirani, ila suke moja halikushuka pale juu; hilo nalo likiisha, aombe nani?

Ndipo akaja mtafiti kutoka kituo cha mbegu, upande wa Mkiwa. Kijana wa heshima, shikamoo yake ya kuinama. Akasema mvua zinabadilika, wafadhili wanataka mbegu kama ile ihifadhiwe, na msimu ujao tungerudishiwa mara mbili. Mama mkwe akashusha mbegu, akaacha suke lake. Mimi ndiye niliyeharibu. Kwetu mgeni hapewi kitu kilichomegwa. Nikamnong'oneza, "Mama, tutaonekana wachoyo." Akaniangalia weee. Akalishusha.

Msimu ulipofika nikafuata mbegu kwa miguu. Kituoni nikakuta duka. Mlinzi wa kituo alikuwa hapo bado.

"Wataalamu wamepunguzwa kazi, mama. Wafadhili wameondoka na fedha zao. Siku hizi soko huria."

"Na uwele wetu?"

"Makopo ya kuwekea mbegu kayachukua mwenye duka, anapimia sukari. Nafaka wamemwagiwa kuku." Akacheka. "Kuku wa hapa wamekula utafiti mpaka wamekuwa madaktari!"

Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Nawasema wahusika: wafadhili waliochoka katikati ya kazi. Wakubwa waliofunga kituo bila kutuma hata barua kijijini. Na bwana shamba wetu, aliyetuambia tuache kulia, tununue mahindi ya kisasa gulioni. Tukanunua. Yakafika magotini, jua likayamaliza. Mwaka ule nilizika mtoto.

Sasa redioni nawasikia wakibishana habari za hali ya hewa na mbegu za asili, nani atoe fedha za utafiti. Huwa naizima.

Mama mkwe hakunilaumu hata siku moja. Mvua zilipokaribia tena, nilimkuta jikoni na ungo, anapepeta majivu, labda punje moja ilidondoka zamani. Nikachuchumaa, nikashika upande wa pili wa ungo. Tulipepeta mpaka majivu yakaisha.