Sufuria Iliyosifiwa Siyo Niliyompelekea Dada

Nimemuunguza dada yangu, ndugu zangu. Sikumshika mkono nikautia motoni, lakini aliyemuunguza ni mie. Nitukaneni mkitaka, ila nisikilizeni mpaka mwisho.

Mie Mzanzibari, nasoma hapa Guangzhou kwa skolashipu. Miaka hii ya mwisho wa tisini wafanyabiashara wa kwetu wameanza kuja, na sisi wanafunzi tunaojua Kichina ndio tunaowakalimania. Ukishawakalimania watu wakatajirika mbele ya macho yako, na wewe mkono unakuwasha. Wangu uliwasha kweli.

Huku kuna jarida linalopima bidhaa. Wenyewe wananunua vitu dukani kama mteja yeyote, wanavipeleka maabara, kisha wanaandika kipi kizima na kipi kibovu. Mwanzo sikuliamini, nilidhani wanalishwa na wenye viwanda. Nikamuuliza mwalimu wangu, akanieleza kuwa halipokei hata matangazo, na wenye viwanda wanaliogopa. Basi nikaliamini, na mpaka leo naliamini. Jarida halina kosa.

Toleo moja likasifu presha kuka fulani, ile sufuria ya mfuniko wa kubana inayoivisha haraka kwa mvuke. Waliziba makusudi kitundu cha kutolea mvuke, wakaiacha motoni, na kidude cha usalama kikafunguka chenyewe. Nikamkumbuka dada yangu mkubwa, aliyenilea tangu mama alipofariki. Anapika mbaazi za kuuza pale nyumbani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, na mkaa unammaliza. Nikasema, hii ndiyo biashara yetu, yeye atauza kule na mie nitanunua huku.

Nikaenda kwa laoban, ndivyo tunavyowaita mabosi wa huku, mmoja mwenye kiwanda cha sufuria, jarida mkononi. Nikambana bei mpaka akacheka. Akaniambia bei yangu inawezekana, boksi litakuwa lile lile, na sufuria kwa nje haitakuwa na tofauti. Kisha akanionyesha kidude cha usalama cha bei yangu. Kilikuwa chepesi kama kizibo cha soda. Nikamuuliza kama hakina hatari.

"Mei wenti," akanijibu. Hakuna shida.

Shida ipo, na niliiona! Msomi mzima, macho ninayo. Lakini tamaa, jamani, tamaa! Nikaufasiri ule ukurasa wa jarida kwa Kiswahili safi, nikatoa kopi, nikatia moja katika kila boksi.

Mzigo ulipofika, dada akaibandika karatasi yake ukutani jikoni. Majirani wakachukua sufuria zile kwa neno lake tu, maana yeye si mtu wa kudanganya.

Siku sufuria yake ilipolipuka alikuwa anachemsha mbaazi. Mfuniko ulipasua bati la paa. Mvuke na mbaazi zikamuunguza shingo na mkono mzima wa kulia. Nilipopiga simu alipokea mwenyewe, sauti imemkauka.

"Usihangaike, mdogo wangu. Kosa langu. Karatasi yako imeeleza vizuri, labda mie nilizidisha maji."

Hapo Mungu alinifungulia mlango wa kusema kweli. Mnajua nilimjibu nini?

"Basi siku nyingine uwe mwangalifu, dada."

Wallahi, nilisema hivyo. Natamani ulimi ungekatika kwanza.

Alipopata nafuu kidogo akawa anapita kwa majirani, mkono umefungwa bendeji, anawafundisha wasizidishe maji. Alinisimulia hayo mwenyewe kwenye simu. Sufuria zile zilikuwa bado motoni, katika majiko yenye watoto. Nikamwambia yote, tangu bei mpaka kidude.

Akauliza jambo moja tu.

"Ulipokuwa unatia karatasi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua, dada."

Akakata simu.

Sufuria zile amezikusanya mwenyewe, mlango kwa mlango, akiwaomba watu radhi kwa kosa langu. Kuna waliomrudishia sufuria na maneno juu yake. Nikipiga simu sasa ananijibu salamu, anauliza hali ya masomo, basi. Lile neno "mdogo wangu" limekwisha.

Nikienda soko la Shisanhang na wafanyabiashara, bado wananiuliza kama majarida haya yanaaminika. Yanaaminika, kwa kile walichokipima wao. Wewe mnunuzi, muulize aliyekuletea mzigo amepunguza nini mpaka bei ikashuka. Na wewe mwenzangu unayefunga mzigo, usitie sifa za mali ya mwenzio ndani ya boksi lako. Atakayelifungua ni mtu wako.

Mwezi uliopita nilimpa msafiri dawa ya makovu amfikishie dada. Dawa nzuri, nimeinunua duka la dawa hasa, maelezo yake Kichina kitupu. Msafiri amerudi nayo, haijafunguliwa. Dada alimwambia anashukuru, ila hana mtu wa kumsomea karatasi ya ndani.