Kona ya Bi Salma kwenye Mzunguko wa Faza

Niliondoka Lamu kwa sababu ya fundi mmoja wa pikipiki. Aliniambia kwamba Faza kuna uwanja wa mashindano ambako hawahesabu mizunguko. Wanazunguka tu huku bahari ikijaa, na maji yakishagusa kigingi, wa kwanza kukipita ndiye mshindi. Nikataka kujua mambo hayo yalianzaje.

Saa nne asubuhi boti ilitushusha Mtangawanda. Nikapanda pikipiki ya Athumani, mwenyekiti wa waendeshaji wa Faza. Alinisimulia akipaza sauti juu ya injini: zamani walishindana kwenye barabara hiyohiyo, hadi punda wa mtu akavunjwa mguu na wazee wakapiga marufuku. Ndipo wakahamia uwanda wa chumvi.

“Na mbio za kwanza pale nilishinda mimi,” akasema. Hadi tunafika alikuwa ameyasema hayo mara tatu.

Saa sita tulikuwa uwanjani. Ardhi ni nyeupe na ngumu, njia imeonyeshwa kwa boriti za mikoko. Lakini kwenye kona ya mwisho tulikuta rundo la mawe na kamba ya mwashi. Kiwanja hicho ni cha Bi Salma, na ameanza kujenga. Pembeni yake ni matope matupu. Bila kona ile hakuna mzunguko, na mbio zilikuwa alasiri ya siku hiyo.

Baada ya adhuhuri tukaenda kwake. Alikuwa barazani akipepeta mchele.

“Bi Salma, tuachie hatua kumi tu,” Athumani akasema.

“Nitawapa. Ukuta nitaurudisha nyuma. Lakini kwanza uwaambie watu nani alishinda mbio za kwanza.”

“Si mimi?”

“Wewe ulikuja ukisukuma, Bwana. Injini imekunywa maji, umejaa tope hadi kichwani. Ndugu yangu Kombo alikuwa ameshapita akiendesha. Wengine walikwama ndiani huko nyuma, aliyesimama kigingini ni mimi. Kombo si mtu wa kubishana, basi kila mwaka hukaa akikusikiliza.”

Athumani aliangalia viatu vyake. “Watanicheka.”

“Watakucheka. Na kona watakuwa nayo.”

Alasiri waendeshaji walipojipanga, Athumani alipanda juu ya mawe. “Mbio za kwanza alishinda Kombo,” akasema. “Mimi nilikuwa nasukuma.”

Kicheko kilichukua muda. Mmoja akauliza, “Mwenyekiti, leo tukuletee mkokoteni?” Kombo, mtu mwembamba aliyekaa nyuma ya wote, alinyanyuka akaenda kumsaidia mwashi kuhamisha kamba. Mbio zikaanza.

Asubuhi yake nilirudi Mtangawanda kwa pikipiki ileile. Nilikuwa nimejifunza kwamba historia ya uwanja ule ilikuwa kwa mwanamke aliyeiona, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza. Nilipokuwa nikishuka gatini, Athumani akaniita.

“Ukiandika,” akasema, “andika pia kwamba pikipiki niliisukuma mbio sana.”