Fomu Aliyojaziwa Baba

Baba aliniletea fomu ya kuomba asamehewe kodi kwa sababu ya uzee. Wakati huo nilikuwa mwalimu Homa Bay, nikipokea mshahara kwa mwaka wa pili. Nilimwambia fomu yenyewe ni rahisi, hata mtoto wa darasa la tano angeijaza, na kwamba nina madaftari ya kusahihisha.

Siku ya soko nikamkuta baba mjini Oyugis, ameketi kwenye baraza la duka mbele ya mpiga taipu. Alikuwa amemlipa shilingi mbili na kuku. Nilikasirika. Nikasimama nyuma yao, nikingoja wamalize nimgombeze baba kwa kutoa kuku mzima kwa kazi ya bure.

Mpiga taipu hakuwa na haraka. Alimuuliza habari za shamba, za ng'ombe, za mguu wake unaouma, na kila jibu alilisubiri. Kisha akasema, "Mzee, kuna mtoto anayekusaidia?"

Baba hakujua kwamba nipo. Alifikiri kidogo, akajibu kwa upole, "Hapana, bwana. Hakuna."

Taipu ikaligonga neno hilo. Niliondoka kabla hajageuka.

Kodi alisamehewa. Mpaka leo watu huniuliza kama kuna haja ya kumlipa mtu akujazie fomu, nami huwaambia ipo. Ile ningeijaza mimi, ningeandika kwamba ninamsaidia, na baba angetia kidole gumba ili kunisitiri.