Siku Niliyojifanya Wifi wa Watu Mikumi

Hii habari naisimulia mwenyewe kabla hamjatumiwa kwenye simu, maana najua video ipo na inazunguka, na yule mwanamke mwenye gauni la mananasi aliyeshika maiki kwa mikono miwili ndiye mimi, Mama Neema wa Kilosa, sina pa kujificha, kwa hiyo bora mnicheke kwa maelezo yangu kuliko kwa maelezo ya yule aliyerekodi (ambaye alinikata kichwa kwenye picha lakini sauti yangu akaiacha yote).

Chanzo ni kupenda kutoka. Mimi nikikaa Jumamosi tatu bila kwenda mahali penye muziki au filamu naanza kugombana na sufuria. Shida ni mume wangu. Baba Neema ana mashine ya kukoboa mpunga, amesimama kando yake miaka mingi mpaka anaongea kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto, hata akiomba chumvi mezani jirani anasikia. Niliwahi kumpeleka kwenye kibanda cha video, filamu imetafsiriwa Kiswahili, watu wote kimya, mara nasikia, "Mama Neema, huyu mwenye kofia ndiye anayeua au ndiye atakayeuawa?" na baba mmoja wa nyuma akamjibu, na utamu wa filamu ukaishia hapo kwa kibanda kizima. Nikampeleka kwenye taarabu, nikachagua viti karibu na spika ili asiseme hasikii, akalala. Alilala kweli, wenzangu, spika inatikisa soda kwenye chupa na yeye amelala, kwa sababu kelele zinamkumbusha kazini (sijui kazini huwa anafanya nini), mpaka watu waliokwenda mbele kumtunza mwimbaji wakawa wanapitia kumtunza na yeye.

Tulipofika nyumbani akaniambia, tena bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma, "Mke wangu, mimi na starehe hatuelewani. Nitatoka na wewe mara moja tena. Tukiaibika, basi, utakuwa unatoka na mdogo wako, mimi nibaki na redio yangu."

Sasa mimi mdogo wangu nampenda, lakini sikuolewa ili nicheze muziki na mdogo wangu. Namtaka huyuhuyu mwenye sauti ya mashine. Nikajiapiza kwamba hiyo mara moja haitakuwa na kasoro hata ya kifungo.

Nikasikia kuna bendi kutoka Morogoro itapiga bonanza Mikumi, Jumamosi, kuanzia alasiri, kwenye bustani moja karibu na stendi. Muziki wa mchana, asingeweza kusingizia usingizi. Nikaamua tushone sare, mke na mume, tuingie tumependeza. Nikaenda dukani sokoni, na pale juu ya rafu nikaona kitenge cha zambarau chenye mananasi ya njano makubwa, vipande viwili tu.

"Hivyo ni oda ya watu, mama," akasema dada wa dukani. "Kuna mtu nimemwekea, hajaja kuchukua."

"Hajaja tangu lini?"

"Hii wiki ya tatu."

"Basi huyo hana shida navyo. Mimi hapa ndiye mwenye shida navyo." Nikasimama pale nikivipapasa, wateja wanapita, nasimama, mpaka dada wa watu akachoka akavishusha. Sikuuliza ni oda ya nini wala ya nani. Swali moja tu, ambalo hata mtoto wa chekechea angeliuliza, mimi sikuliuliza kwa sababu niliogopa jibu lingeninyima mananasi.

Siku ilipofika tulishuka stendi ya Mikumi tunang'aa. Kabla sijafungua mdomo, dereva wa bajaji akatutazama nguo akasema, "Nyie wa mananasi? Pandeni, napajua." Mimi moyoni nikajisifu kwamba tumevaa vizuri mpaka tunatambulika. Akatupeleka, siyo kwenye bustani, kwenye ukumbi, na ndani kweli kuna bendi inapiga, tena inapiga vizuri, na mlangoni msichana mwenye ua kifuani akatuambia, "Karibuni sana, nyie ni mbele kabisa," akatupitisha katikati ya watu mpaka kwenye viti vilivyovalishwa vitambaa, akatuletea soda na karanga bila kuulizwa.

Baba Neema akakaa, akatazama mbele. "Mama Neema, mbona kuna keki?"

"Bendi za siku hizi zina mambo mengi."

"Na yule binti aliyefunikwa mtandio amekaa peke yake?"

"Ni mwimbaji, anasubiri zamu yake." (Hapo nilikuwa nimeshaanza kutoka jasho.)

Akageuka kulia. Mimi nikageuka kushoto. Safu nzima, jamani, kutoka ukutani mpaka ukutani, mananasi. Wazee mananasi, kina mama mananasi, kitoto cha kubebwa kimefungwa kilemba cha mananasi. Tulikuwa kwenye sendofu ya kumuaga mtoto wa watu, tumekaa katikati ya ukoo, na soda tumeshafungua.

Baba Neema akaniambia tuondoke, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alijitahidi kunong'ona. Na mimi ningesimama wakati ule ningepata aibu ndogo tu, ya dakika mbili, tukatoka, tukaitafuta bustani. Lakini nikaona nikikiri nimekosea, safari zetu zimekwisha, ndiyo redio hiyo. Nikamwambia, "Tulia. Tutakula, tutasikiliza nyimbo mbili, tutatoka kwa adabu. Nani atatuuliza?"

Mshereheshaji akachukua maiki akasema, "Sasa ni utambulisho. Upande wa mama, mmoja mmoja, jina, unatoka wapi, na wewe ni nani kwa bibi harusi."

Maiki ikaanza kutembea kwenye safu yetu. Mama wa kwanza, mama mdogo, anatoka Ruhembe. Wa pili, mama mdogo mwingine, wa hapahapa Mikumi. Babu mmoja, bibi mmoja, vigelegele kila mahali, na mimi naiona maiki inavyokuja nahesabu vichwa, vinne, vitatu, nikawaza nizimie, nikakumbuka kwamba nikizimia watanipepea na watauliza mgonjwa ni wa nani. Ikafika. Nikaishika kwa mikono miwili.

"Mimi naitwa Mama Neema," nikasema, na hapo ningeweza kukaa. "Natokea Kilosa." Na hapo pia ningeweza kukaa. Lakini watu wananitazama, wanasubiri, na mama mzazi wa bibi harusi amekaza macho kama anayetafuta sura yangu kwenye kumbukumbu zake, nikaona nitaje undugu wa mbali usio na kazi, nikasema, "Mimi ni wifi yake mama."

Wenzangu, fikirieni. Nikiwa wifi yake mama, basi mume wangu ni kaka yake mama. Na kaka yake mama ni mjomba wa bibi harusi. Na huku kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, baba anasikilizwa kwa heshima zake zote, lakini mjomba asipotamka neno, binti hatoki. Na mjomba ndiye mtu pekee ambaye ukumbi mzima ulikuwa unamsubiri tangu saa nane, maana alikuwa hajafika na upande wa bwana harusi walikuwa wameshaanza kutazamana.

"Kumbe mjomba yupo," mshereheshaji akasema. "Na alikuwa kimya muda wote huu."

Vigelegele. Bendi ikapiga. Wakamnyanyua Baba Neema kwenye kiti huku nanasi moja limekaa sawasawa kwenye kitambi chake, wakamweka mbele, bibi harusi akaletwa akapiga magoti, akasema, "Shikamoo mjomba," na Baba Neema, ambaye maisha yake yote hajawahi kukosa kuitikia salamu, akasema, "Marahaba mwanangu." Mama wa bibi harusi alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Alikuwa anajua vizuri huyo si kaka yake, lakini wakwe walikuwa wanamtazama usoni, akashindwa aseme nini.

Mshereheshaji akainama. "Mjomba, mtoto wako anaomba ruhusa ya kwenda kwa mumewe. Unaridhia?"

Mume wangu akanitazama. Nikamkonyeza. Nikamwashiria kwa kichwa, sema ndiyo, sema ndiyo tuondoke. Sasa huyu bwana anaweza kulala kwenye taarabu, anaweza kuharibu filamu ya watu, lakini kwenye jambo la ndoa ya mtoto wa mtu hawezi kudanganya. Akaisogeza maiki pembeni, maana hana haja nayo.

"Siwezi kuridhia," akasema.

Bendi ikanyamaza. Bibi harusi akaanza kulia. Upande wa wakwe baba mmoja akasimama, akakaa, akasimama tena. Na Baba Neema, kwa nia njema kabisa, akaona afafanue. "Siwezi kuridhia kwa sababu huyu binti simjui. Ndiyo kwanza namwona leo."

Sikumbuki nilivyovuka ule ukumbi. Nakumbuka mkono wa mama wa bibi harusi umenishika juu ya kiwiko, na tukawa nyuma, jikoni, kwenye masufuria ya pilau, mimi, yeye na mume wangu. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningepumua.

"Nyie ni akina nani?" akauliza.

Nikamweleza yote, bonanza, dereva wa bajaji, duka la Kilosa, vipande viwili vilivyobaki. Nilipofika kwenye vipande viwili akafumba macho.

"Hivyo vilikuwa vya kaka yangu na mkewe," akasema. "Wanatoka Mamboya. Alichelewa kuvifuata. Alipokwenda juzi, avichukue vishonwe usiku kucha, akaambiwa kuna mama amevinunua. Sasa yupo hapo nje kwenye gari. Amesusa. Anasema yeye ndiye mwenye mtoto, hawezi kuingia kama mgeni mwalikwa na ukoo mzima umevaa sare. Nimembembeleza tangu mchana." Akafuta machozi kwa ncha ya mtandio wa mananasi. "Binti yangu atakosa kuagwa kwa ajili ya kitenge."

Hapo nilijisikia vibaya, nisiwafiche. Kicheko chote kilinitoka. Nilikuwa nimesimama ndani ya nguo ya mtu, nimekula karanga zake, nimekaa kwenye kiti chake, na mtoto wake analia kwa sababu yangu. Baba Neema alianza kufungua vifungo vya shati.

Mjomba akaitwa, akaja mpaka mlango wa jikoni, mtu mkubwa mwenye mabega ya kubeba magunia, akamkuta mume wangu kifua wazi ameshika shati mkononi kama anaomba msamaha wa serikali.

"Shikamoo mjomba," nikasema.

"Marahaba." Akalitazama shati, akanitazama gauni. "Kwa hiyo mimi nimekaa garini tangu saa nane, na nanasi langu lipo ukumbini linakunywa soda."

Nani alianza kucheka sijui, nadhani mpishi. Kisha dada mtu, kisha mjomba mwenyewe akajaribu kununa, akashindwa. Shati lilimfika nusu ya mgongo, vifungo viwili vikaruka vikaingia kwenye kachumbari, ikabidi alivae wazi kama koti. Mkewe, ambaye kwa bahati ana mwili kama wangu, akatoka na gauni langu limemkaa kuliko lilivyonikaa mimi. Mimi nikafungwa khanga mbili za wapishi. Baba Neema akapewa shati la mjomba, likamfika magotini.

Mjomba akaingia ukumbini kwa vigelegele ambavyo sijawahi kusikia, akamwinua mtoto wake, akamfuta machozi, akasema anaridhia, akasema mara mbili ili wakwe wasikie. Kisha akatuita. Nilidhani anatufukuza. "Hawa wawili," akasema kwenye maiki, "walinitunzia sare yangu. Bwana huyu angeweza kumtoa mtoto wangu kwa neno moja, akakataa. Wapeni viti." Wakatupa viti, tena mbele.

Na bendi ilipoanza, Baba Neema hakulala. Alicheza. Shati linapepea magotini, mikono juu, anaimba kwa ile sauti mpaka mwimbaji akamsogelea akaimba naye, na wakwe waliokuwa wanatazamana vibaya wakatoka kucheza nyuma yake kwa mstari. Bonanza la bustanini tuliambiwa lilikuwa zuri. Sisi hatukuliona.

Nikangoja hukumu yangu. Njia nzima ya kurudi Kilosa nangoja anitajie redio. Tulipokaribia nyumbani akasema, na abiria wote wakasikia, "Mama Neema, kumbe kutoka ni kuzuri namna hii? Jumamosi ijayo kuna nini?"

Mpaka leo ndivyo ilivyo. Yeye ndiye anayefunga mashine mapema, anaoga, anasimama mlangoni na viatu vimepakwa rangi, na Mikumi nzima wanamwita mjomba, wanampigia simu yeye kumwambia bendi gani inakuja. Mimi ndiye ninayesema kichwa kinaniuma, kwa sababu kila tunapoingia mahali kuna mtu ananitazama, anamgusa mwenzake, ananiita wifi. Lakini naenda. Nimempigania huyu mtu muda mrefu, siwezi kumwachia mdogo wangu atoke naye. Ila nimejiapiza kwamba nikipewa maiki tena popote duniani, nitasema jina langu, kisha nitakaa chini.