Ushahidi Uko Ukurasa Gani?

Nakumbuka Jumatatu ile, mwanangu, nilipotaka kuchekesha darasa, nusura nimuue nyanya yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu, huko Malindi. Riwaya tuliyoisoma ilimhusu ajuza aliyezika mume na wanawe wote wanne, kisha akarudi shambani na jembe lake kana kwamba mauti hayakumwona. Mwalimu akaniita mbele nimchambue. Wenzangu walikuwa wamekwisha kusema yale ya kila siku: mvumilivu, jasiri, mchapakazi. Mimi na kichwa changu kikubwa nikataka kuwapita. Nikasema, "Mwanamke anayezika wanawe wote, naye akazidi kupata nguvu, kwetu twamjua ni nani. Huyu mchawi." Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Aliniuliza, "Ushahidi uko ukurasa gani?" Nikaketi, bado najiona mshindi.

Sasa nikueleze jambo nililopaswa kulikumbuka kabla ya kufungua kinywa. Nyanya yangu, tuliyemwita Hawe, naye alikuwa amezika wana wanne, baba yangu akiwa mmoja wao, na muhogo alioulima mwenyewe ndio ulionisomesha. Kila mwezi nilimpaka piko nywele zake ziwe nyeusi. Si kwamba alitaka urembo, la. Kwetu siku hizo, na hata leo, kichwa cheupe kimewaponza wazee wengi, wakadhaniwa wachawi. Mikono iliyomficha ilikuwa yangu, na ulimi uliomfichua ulikuwa wangu.

Kahindi, mwenzangu darasani, alikuwa mtoto wa jirani yetu, na mdogo wake alikuwa kitandani kwa homa isiyosikia dawa. Neno langu likafika kwao bila kitabu chake: mjukuu mwenyewe amesema nyanya yake ni mchawi. Jumamosi asubuhi baba yake akaingia uani kwetu na vijana watatu, mapanga mkononi, akiyarudia maneno hayo. Hawe alikuwa akimenya muhogo. Hakusimama, hakukimbia.

"Mjukuu wangu," akasema bila kuniangalia, "waambie ulisema nini, na ulisemea wapi."

Nikawaambia kwamba nilisema habari za kitabu, na hata kitabu chenyewe hakikusema hivyo. Nilitunga ili watu wacheke. Kisha swali la mwalimu likanitoka lenyewe. "Baba Kahindi, na wewe ushahidi wako uko wapi?"

Hawe akaweka kisu chini.

"Mvi zilizo chini ya piko hii nimezipata kwa kutokufa," akamwambia, "si kwa kuua. Nenda ukakae na mwanao. Homa yake haiko hapa."

Waliondoka bila kuaga. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na jina la mchawi lilikuwa limekwisha kumganda. Wiki hiyo hiyo shangazi, binti yake aliyebaki, alimchukua Hawe, akamleta hapa Kibarani, katika chumba hiki hiki tulichokaa. Aliishi miaka sita na hakuliona shamba lake tena. Kila masika aliniuliza kama mvua imefika kule. Hakunilaumu hata siku moja, na hilo liliniuma kuliko kulaumiwa.

Ndiyo maana jana, uliponisomea uchambuzi wako wa yule mzee wa riwaya mnayosoma shuleni, ukafika pale ulipoandika kuwa lazima ana siri, mbona hafi, nilifumba macho. Ulidhani nimesinzia.

Mwanangu, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mzee ukimkuta kitabuni ameshinda misiba, soma tena uone alishindaje: alikula nini, nani alimshika mkono, alilia lini. Usimpe siri ambayo mwandishi hakumpa. Na ukimkuta njiani, mpe shikamoo kabla hujamdhania lolote. Wakimsema, uliza ushahidi, hata ukiwa peke yako, hata wakiwa na mapanga. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa.

Haya, chukua kalamu ufute ile sentensi. Mungu akujalie ule chumvi nyingi, nywele zako ziwe nyeupe pe, na usihitaji mtu wa kukupaka piko.