Ndoa ya Klaudia

Padre alikataa chai. Alisema ana mgonjwa mwingine anayemngoja Nshamba, na wingu lilikuwa limejaa upande wa ziwa. Mvua ikimkuta njiani, pikipiki haitapanda kilima. Ndani, Klaudia alilazwa kwenye kitanda kilichosogezwa dirishani, akivuta pumzi kama mtu anayepandisha mzigo. Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa bwana harusi. Mzee Karugendo alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, na alikuwa amesema haingii.

Joanitha, binti yao mkubwa, alitoka kumfuata.

Klaudia aliolewa kanisani akiwa bado msichana, na Rwegasira, kijana wa kwao Nshamba. Mwaka haukuisha, Rwegasira akavuka kwenda visiwani kuvua samaki, wala hakurudi wala kutuma neno. Klaudia alingoja mpaka waliokuwa wakimwonea huruma wakaanza kumcheka. Ndipo Karugendo, mwenye kibanja cha migomba Kamachumu, alipomchukua. Wazee wa pande zote walikubaliana, pombe ya ndizi ikanywewa. Lakini kanisa lilisema haijulikani kama mume wa kwanza amekufa, kwa hiyo ndoa nyingine haiwezekani. Katekista mmoja akamwita Klaudia hawara mbele za watu. Tangu siku hiyo Karugendo hakukanyaga kanisani.

Klaudia hakuacha kusali. Alizaa watoto watano, akawafundisha sala jikoni, kwenye moshi, kwa Kihaya na kwa Kiswahili, na aliyeruka neno aligongwa kidogo na mwiko. Alitandaza nyasi migombani, alianika kahawa, alicheka kicheko kilichosikika hadi barabarani. Wajukuu walipofikia Komunyo ya Kwanza, yeye ndiye aliyewapigia nguo pasi ya mkaa, akirudia mkunjo mmoja mpaka mjukuu wake Stellah akalia kwamba Misa itampita. Yeye mwenyewe hakuwahi kukomunika tangu aingie nyumba ya Karugendo.

Alipougua, Joanitha aliulizia habari za Rwegasira kwa wauza dagaa mwaloni, mitumbwi inakotia nanga. Akapatikana Machibya, mvuvi mzee, aliyeapa mbele ya Padre kwamba alimzika mtu huyo kwa mikono yake, zamani, kabla hata Joanitha hajazaliwa. Ndugu za Rwegasira walizitambua alama za mwili alizozitaja. Jimbo likaridhia. Klaudia aliomba kitu kimoja tu: afunge ndoa, akomunike kabla hajafa.

Karugendo alikuwa akikata majani makavu ya mgomba, moja moja, kana kwamba hiyo ndiyo kazi ya siku hiyo.

"Taata, Padre anaondoka."

"Aende salama. Mvua hiyo."

"Mama anakungoja."

"Mama yako nimeishi naye tangu wewe hujazaliwa. Leo nikaseme namchukua? Siku zote hizo nilikuwa mpangaji? Na ninyi ni watoto wa nani, wa barabarani?"

"Hakuna aliyesema hivyo, Taata."

"Katekista wao alisema! Kumbe mtu mwenyewe alikuwa kaburini. Mama yako hakuwa na kosa lolote. Wao ndio waje waniombe radhi."

Radi ilipiga upande wa ziwa. Machibya, aliyekuwa ameketi barazani awe shahidi, akapaza sauti:

"Mzee! Nimeacha dagaa wangu nje, na mvua ndiyo hii! Ninyi Wahaya mnaringa hata mkiombwa kuoa?"

"Nyamaza, Msukuma! Wewe umeoa wangapi?"

"Wote nilikwenda mwenyewe! Sikufuatwa shambani!"

Mbele ya nyumba pikipiki iliwashwa. Joanitha alimshika baba yake mkono wenye kisu, jambo ambalo hakuwahi kulithubutu.

"Taata, hujawahi kumwona mama kanisani."

"Ningemwonea wapi?"

"Watu wakiinuka kwenda kukomunika, benchi lote linaondoka, anabaki yeye. Anakunja magoti pembeni wapite. Wakirudi, anayakunja tena. Kila Jumapili. Nilipokuwa mdogo nilidhani miguu inamuuma. Nilimwuliza, akasema ndiyo, inauma."

Karugendo alitazama majani yaliyolala miguuni pake.

"Hakuniambia."

"Angekuambia, ungemkataza kwenda."

Karugendo akauchoma mgomba kwa kisu, akakiacha pale, akaanza kutembea kuelekea nyumbani. Hakukimbia. Joanitha ndiye aliyekimbia kumzuia Padre.

Padre aliuliza kwa haraka. Karugendo akamtazama mgonjwa, si Padre.

"Nakubali. Na ujue, Padre, hii ni mara ya pili."

Padre akamgeukia Klaudia. Joanitha akainama kusikiliza kama bado anapumua.

"Amenawa mikono?" akauliza Klaudia. "Ana utomvu." Halafu, kwa sauti iliyokwaruza, "Nakubali."

Padre alivunja kipande kidogo sana cha hostia, akakiweka kwenye ulimi wake. Joanitha akafuatisha maji kwa kijiko. Klaudia alikohoa, mwili wote ukatikisika. Koo likapanda, likashuka. Alikuwa amemeza.

"Na wewe, mzee?" Padre alinong'ona. "Nikuungamishe?"

"Leo ni yake. Mimi nitakuja mwenyewe, kwa miguu yangu. Wewe wahi mvua."

Klaudia alifariki kabla wiki haijaisha. Katika Misa ya maziko, iliyosomwa palepale nyumbani, Padre alimtaja kama mke wa Karugendo. Mzee, aliyeketi mbele, akaitikia kwa sauti, "Ndiye," kana kwamba ameulizwa tena.