Msimamizi Aliyeacha Kuuliza "Nani?"

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mashine nne kubwa za chumba cha kufulia cha hospitali bado zimenyamaza, na watu kumi na watatu wameizunguka meza ndefu ya kukunjia mashuka. Msimamizi wao, mama wa miaka hamsini na sita, anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya aproni, kisha anaivaa tena.

"Jana nilikosea mimi," anaanza. "Niliyaingiza mashuka ya wodi ya wazazi pamoja na mapazia mapya. Mapazia yakachuja. Sasa tuna mashuka arobaini ya kijani."

"Basi watoto watazaliwa bustanini," anadakia msukuma toroli.

"Cheka, mwanangu, cheka. Ukimaliza, utanisaidia kuyaloweka."

Kicheko kinapotulia, mkunjaji mmoja anainua mkono. Anasema kwamba jana alimkatia simu dada wa maabara kwa hasira, naye angependa kwenda kumwomba radhi kabla kazi haijapamba moto. Anaruhusiwa. Kikao kimechukua dakika tisa.

Miaka miwili iliyopita, hakuna mkono ambao ungeinuliwa katika chumba hiki. Kila asubuhi msimamizi alisimama hapohapo na daftari lenye jalada gumu, akasoma makosa ya jana, ya kila mtu kwa jina lake, huku wenzake wakisikiliza. Aliamini kuwa hiyo ndiyo nidhamu.

"Nilidhani ninajenga," anasema. "Kumbe nilikuwa ninawafundisha kuficha."

Walificha kwelikweli. Tangi la maji lilipohamishwa ili likarabatiwe, nyuma yake yalikutwa mashuka thelathini na saba yaliyounguzwa na pasi, yamekunjwa vizuri, kona kwa kona. Yeye mwenyewe alikuwa akiitwa King'ora. Kwa miaka kumi na mmoja jina hilo lilizunguka hospitali nzima, hadi kwa walinzi wa getini, nalo halikuwahi kumfikia.

Lililobadilisha mambo ni sindano.

Jumatatu moja, saa tatu asubuhi, binti anayechambua nguo chafu alichomwa kidoleni na sindano iliyosahauliwa ndani ya shuka. Alikuwa amevua glavu kwa sababu ilikuwa imetoboka. Alijua kwamba dawa ya kujikinga na virusi vya UKIMWI huanzishwa kabla ya saa sabini na mbili kupita. Alijua pia kwamba kesho yake jina lake lingesomwa: hakuvaa glavu.

"Nilikifunga kidole kwa kitambaa, nikaendelea," anasimulia binti huyo, mama wa mtoto mmoja. "Nililiogopa daftari kuliko ugonjwa. Nikisema hivi leo najishangaa mwenyewe, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Jumatano, saa tisa alasiri, mzee wa pasi, ambaye wenzake humwita Babu, alimbana kwa maswali hata akasema. Babu akazima mashine yake, akaenda moja kwa moja kwenye meza ya msimamizi.

"Mama, kuna mtu humu amechomwa sindano tangu juzi."

"Nani?"

Babu alitikisa kichwa.

"Unaona?" akasema. "Hukuuliza amechomwa wapi. Hukuuliza kama amepata dawa. Umeuliza nani. Ndiyo maana hakukwambia."

Saa hamsini na nne zilikuwa zimekwisha kupita. Msimamizi alimshika binti mkono, wakakimbia kuuvuka ua wa hospitali, aproni zikiwa bado viunoni. Dawa ilianza jioni ile, na ikamezwa kwa siku ishirini na nane. Kilichobaki kilikuwa kungoja vipimo.

Uongozi ulitaka kumhamishia msimamizi kwenye ghala la sabuni. Yeye aliomba kitu kingine: mtu wa kumtazama akifanya kazi. Akaletewa mkunga mstaafu, mwanamke mpole ambaye alikuwa amewalea wakunga wachanga kazini kwa miongo mitatu. Kwa siku tano mkunga aliketi pembeni bila kusema neno, akiandika. Siku ya sita alimsomea.

"Umeuliza 'nani?' mara thelathini na nane, dada yangu. Umeuliza 'ilikuwaje?' mara moja. Na hiyo moja ulimwuliza fundi wa mashine."

"Nilikasirika," anakiri msimamizi. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimetukanwa. Mume wangu akanyamaza. Nikamwuliza, mbona umenyamaza? Akasema, 'Ninatafuta namna ya kukujibu ambayo haitanipatia taabu.'"

Daftari likafungiwa kabatini. Mkunga akamshauri aanze kila kikao kwa kosa lake mwenyewe, kisha angoje. Alingoja. Siku tisa mfululizo alitaja kosa lake, na siku tisa watu wakatazama sakafu.

Siku ya kumi, binti yule aliinua mkono.

"Mama, jana ulinifokea mbele ya wauguzi kwa sababu ya toroli lililochelewa. Iliyochelewa ilikuwa lifti. Mimi nilikuwa nimekwama ndani yake."

Msimamizi anakumbuka maneno yaliyokwisha kumfika mdomoni. Aliyameza.

"Asante kwa kunieleza," alisema. "Nisamehe. Hiyo lifti, ilikuwaje?"

Mwaka uliopita, timu hii iliripoti sindano na nyembe sita zilizokutwa ndani ya nguo, kila moja kabla saa moja haijapita tangu ikutwe. Hakuna aliyechomwa. Wodi mbili zimebadilisha namna ya kufunga nguo chafu kwa sababu ya ripoti hizo. Si kwamba mama amekuwa malaika. Juzi alifoka hadi Babu akamwinulia kidole kumkumbusha, naye akanyamaza katikati ya neno.

Kipimo cha mwisho cha binti, miezi sita baada ya ajali, kilikuwa safi. Walikwenda kuyapokea majibu pamoja. "Mimi ndiye niliyelia," anasema msimamizi. "Yeye alinipangusa. Namshukuru Mungu, namshukuru Babu, namshukuru mtoto huyu aliyebaki nami wakati alikuwa na kila sababu ya kuondoka."

Anatarajia kustaafu baada ya miaka minne. Anataka binti huyo aishike nafasi yake, na kuanzia mwezi ujao aanze kuongoza kikao cha asubuhi mara mbili kwa juma. Binti hajakubali.

"Amekuja kuniambia kwamba anaogopa," anasema msimamizi, na uso wake wote unachanua. "Nilimpa wazo asubuhi, akaja kuniambia mchana uleule. Mchana uleule! Hakungoja siku ya tatu."